Mandhari si Nchi Tupu



Mtoto akipewa karatasi na kalamu za rangi, mara nyingi huchora milima miwili, jua likichomoza katikati, mto na mti mmoja. Mzazi wa Kiislamu husita: je, amruhusu? Jibu lake ni la kale. Ibn Abbas (r.a.) alijiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya kutengeneza picha. Baada ya kumwonya, alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik alipojenga Msikiti wa Umawiyya, Damascus, mwanzoni mwa karne ya 8 Miladia, kuta zake zilipambwa kwa vijipande vya kioo vinavyoonyesha mito, miti mikubwa na majumba, bila mtu wala mnyama.

Basi swali letu juma hili si la ruhusa. Tunauliza: ni nani aijuaye nchi hata aweze kuichora?

Huko Sydney, Australia, ipo Tuzo ya Wynne. Imetolewa tangu mwaka 1897 kwa mali ya wasia wa Richard Wynne, na hupewa mchoro bora wa mandhari ya Australia au sanamu bora. Kazi zilizoteuliwa hutundikwa katika jumba la sanaa la New South Wales ili watu wazitazame. Lakini ilipita miaka zaidi ya 100 kabla ya mwenyeji wa asili wa bara lile kuitwaa. Wa kwanza alikuwa Bibi Gloria Petyarre, mwaka 1999. Mchoro wake hauna mlima wala machweo; umejaa majani tu, majani ya mitishamba ya kwao. Mwaka 2016 wakashinda dada watano wa familia ya Ken, waliochora pamoja hadithi ya wazee wao kuhusu madada saba walioikimbia nchi wakawa nyota, zile ambazo sisi twaziita Kilimia. Hatuzifuati imani zao. Funzo tunalolichukua ni kwamba mgeni huona upeo wa macho, naye mwenyeji huona dawa, maji na nasaba.

Turejee nyumbani. Ololosokwan ni kijiji cha wafugaji katika Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, kinachopakana na Hifadhi ya Serengeti. Nyika ya pande zile twaijua kupitia kalenda za ukutani: nyasi, mgunga mmoja, jua likizama. Mtu hayumo. Fundi wa Damascus alimwacha mtu kwa adabu mbele ya Muumba, wala hakudai kwamba mto ule hauna wanaoutegemea. Picha ya kalenda humzoesha mtazamaji kudhani kuwa nchi haina wenyewe.

Dhana hiyo si jambo dogo. Mwaka 1959 wafugaji wa Kimasai waliondolewa Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa iwe mahali pa watu, mifugo na wanyamapori pamoja. Mwaka 2017 vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilifungua shauri la ardhi katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Juni 2022 mipaka ya kilomita za mraba 1,500 ikawekwa katika Loliondo. Serikali yasema inalinda vyanzo vya maji na mapito ya wanyama. Wanavijiji wasema hayo ni malisho yao. Safu hii si mahakama. Lakini Muislamu hajuzu kuitazama nchi ya watu kama karatasi tupu, kwani Mtume (s.a.w.) ameonya vikali juu ya kudhulumu ardhi, hata kiasi cha shibiri moja.

Litazameni jina Oloirien. Kwa Kimasai ni mzeituni mwitu, ambao moshi wake hufukizia vibuyu vya maziwa. Mzeituni, mti ambao Mwenyezi Mungu ameuapia katika Kitabu Chake! Katika picha ya kalenda ni kichaka tu. Kwa mama wa Kimasai ni harufu ya maziwa ya wanawe.

Wazazi, jaribuni jambo hili Ijumaa ijayo. Mwambieni mtoto achore mandhari ya kwenu, lakini kwanza akamuulize bibi au babu: kisima kiko wapi, mti gani ni dawa, njia ya msikitini yapita wapi, wazee wetu wamezikwa upande gani. Hahitaji kuchora kiumbe hata kimoja. Kisima na njia vitatosha kusema kwamba hapa pana watu.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia na mioyo yenye kutunza haki za waja Wake. Amin.

Wallahu a'lam.