Kukawia kwa Ujumbe: Somo la Njia ya Misafara

Tarehe 1 Novemba, 1870, mfuko wa barua za Dakta Livingstone ulifungwa huko Unguja ili upelekwe Ujiji. Ulimfikia baada ya takriban mwaka mzima. Hata hivyo, safari ya miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilichukua kama miezi mitatu tu. H. M. Stanley, aliyeufikisha mfuko huo, aliandika kwamba ulikaa Bagamoyo siku 100 kabla ya kuondoka. Ulikwama tena Unyanyembe, kwa kuwa vita vya Mirambo viliifunga njia. Stanley alipoondoka Kwihara mwezi Septemba, 1871, ilimlazimu azunguke upande wa kusini ndipo afike Ujiji.

Ujumbe, basi, huchelewa kwa sababu tatu: umbali, mzunguko na kungoja. Sababu hizo tatu hazina budi kukumbukwa na vijana wanaofufua kompyuta za zamani na kucheza kwa intaneti michezo ya siku zile.

Mfano mzuri ni mchezo wa Doom, uliotolewa mwaka 1993. Uliundwa kwa kompyuta zilizounganishwa mahali pamoja. Mchezo huo huenda hatua 35 kwa kila sekunde, na katika kila hatua kompyuta hungoja amri za wachezaji wote. Akikawia mmoja, husimama wote. Katika chumba kimoja kasoro hiyo haionekani. Katika intaneti mchezo hushikashika kama gari bovu.

Wengi wakiona hivyo hushauri kununua intaneti iliyo kubwa zaidi. Ushauri huo mara nyingi si sahihi. Kuongeza wapagazi huongeza mizigo inayobebwa. Hakumfanyi mpagazi atembee upesi zaidi. Amri za mchezo ni mzigo mdogo sana. Zinachohitaji ni kufika mapema.

Na tupige hesabu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa njia ya reli ni kama kilomita 840. Kwenda na kurudi kwahitaji chini ya milisekunde 9. Mchezo ukichelewa milisekunde 250, umbali huo hauwezi kulaumiwa.

Huenda kosa ni mzunguko. Mchezaji wa Tabora na mwenzake wa Dar es Salaam wakikutana katika kompyuta iliyoko Ulaya, kila amri husafiri maelfu ya kilomita bila sababu. Satelaiti zilizo kimo cha kilomita 36,000 ni mzunguko mkubwa zaidi: kupanda na kushuka tu ni kama robo ya sekunde. Ndiyo maana mikongo ya baharini, iliyoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2009, ilikuwa na manufaa makubwa.

Au huenda kosa ni kungoja. Mtu mmoja akipakua filamu, foleni hujaa ndani ya ruta, na amri za mchezo hukaa nyuma yake kama mfuko ule ulivyokaa Bagamoyo.

Yafaa kupima kabla ya kununua. Kwa amri iitwayo ping, wanafunzi wapime muda wa kwenda na kurudi hadi kwenye ruta ya chumbani, kisha hadi kompyuta ya Dar es Salaam, kisha hadi ya ng'ambo. Warudie wakati mtu anapakua filamu. Muda ukiwa mrefu tangu kwenye ruta, waache mawimbi ya hewani, watumie waya. Ukirefuka kwa sababu ya filamu, waondoe foleni. Ukirefuka ng'ambo tu, wachague mwenyeji aliye karibu.

Jambo hili halihusu mchezo peke yake. Somo linalofundishwa kwa intaneti huharibika kwa sababu zizo hizo. Shule yenye fedha kidogo ikilipia upana kumbe tatizo ni foleni, itakuwa imeajiri wapagazi mia ili wakae Bagamoyo.