Taya la mtoto likivimba, usilaumu jino tu

Ukipigiwa simu kutoka ushago kwamba taya la binamu yako mdogo limevimba, utasema nini? Wengi wetu tutasema, "Ni jino tu, mpelekeni ang'olewe." Tafadhali, usiishie hapo.

Huenda ikawa limfoma ya Burkitt, saratani inayokua kwa kasi na inayowapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, kama ukanda wa Ziwa Victoria. Mwaka wa 1964, wanasayansi nchini Uingereza waligundua kirusi cha Epstein-Barr ndani ya seli za uvimbe huo.

Usishtuke: kirusi hicho karibu sote tunacho, huenea kwa mate. Mbona basi wachache tu ndio huugua? Malaria ya mara kwa mara ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine huenda iko kwenye jeni za kirusi chenyewe. Kina aina mbili kuu, na utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulipata aina ya kwanza zaidi kwa watoto wagonjwa kuliko kwa wenye afya.

Ulaya aina ya pili ni nadra. Hapa kwetu zote mbili zipo. Ndiyo maana serikali yetu inafaa kugharamia utafiti huu, tusingoje wa nje watujibie.

Lakini binamu yako hawezi kungoja maabara. Ugonjwa huu hutibika ukigunduliwa mapema. Piga simu leo: mtoto apelekwe hospitali kubwa, uvimbe upimwe.