Mbegu inahubiriwa kila Jumapili, daftari la hesabu linahubiriwa lini?

Msomaji mmoja kaniandikia barua pepe. Kamaliza chuo, kazi hakuna, anataka kufungua kibanda cha vifaa vya simu. Anauliza hivi: mtu aliyeokoka anaweza kweli kufanya biashara na kuongoza wenzake hapa kwetu bila kuhonga wala kupindisha mahesabu? Kanisani anaambiwa apande mbegu atabarikiwa, lakini hakuna anayemfundisha afanye nini Jumatatu asubuhi mteja akisimama mbele ya kibanda.

Swali zuri, na nimeona nisimjibu pembeni. Tulijadili wote. Wasomaji wangu Waislamu msikimbie, maana pesa anayolia nayo mama wa Kikristo na ile anayolia nayo mama wa Kiislamu ni noti zilezile.

Tuanzie kwa majirani. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa fedha taslimu zaidi ya shilingi milioni 2 za Kenya kwa ajili ya kwaya, baraza la parokia na nyumba ya padri, na ahadi nyingine juu yake. Kesho yake tu Jimbo Kuu la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, likatangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Watu walishangaa. Tangu lini kanisa likarudisha hela?

Miezi michache baadaye, Machi 2025, rais huyohuyo akaahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la kipentekoste pale Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana wakajaa barabarani kupinga, mabomu ya machozi yakapigwa. Kumbukeni kwamba vijana hawahawa mwaka 2024, kwenye maandamano ya kupinga muswada wa fedha, walishasema hawataki tena kuona wanasiasa wakimwaga mamilioni madhabahuni wakati hospitali hazina dawa.

Hoja yao haikuwa kwamba Mungu hataki sadaka. Walikuwa wanauliza kitu kimoja tu: hela hii imetoka wapi? Na hilo swali, jamani, ndilo ambalo dini yenyewe inatakiwa kuwa ya kwanza kuliuliza.

Sasa turudi Bongo. Nani amesahau DECI? Mwaka 2009 habari ya mjini ilikuwa hiyo. Unapanda mbegu, unasubiri miezi kadhaa, unavuna mara mbili au zaidi. Hayo maneno hayakutoka kwenye vitabu vya uhasibu, yalitoka kanisani, na miongoni mwa waliokuwa wakiendesha kampuni hiyo walikuwemo wachungaji. Benki Kuu ikatahadharisha, serikali ikaingilia kati na kuzuia akaunti, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Kenya nao walikuwa na zao. Kikosi kazi cha serikali kiliripoti mwaka 2009 kwamba wananchi walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya katika michezo ya namna hiyo, na mingi ilisambaa kupitia vikundi vya watu wanaoaminiana, makanisa yakiwemo.

Tupige hesabu kidogo, haihitaji digrii. Kama kila aliyepanda anatakiwa kuvuna mara mbili, na hakuna kiwanda, hakuna shamba, hakuna duka, basi hela yake lazima itoke kwa watu wawili wapya. Hao wawili wanahitaji wanne, wanne wanahitaji wanane. Ukizidisha mara mbili mara 20 unafika watu zaidi ya milioni moja. Ukifika mara 26 unahitaji watu milioni 67. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7, na humo wamo watoto wachanga. Kwa hiyo hata kama waendeshaji wangekuwa malaika, mchezo lazima ufe, na wa mwisho kuingia ndio wanaolia. Nani huwa wa mwisho? Muuza maandazi, mstaafu, mwanafunzi aliyetumia ada. Wenye taarifa wameshavuna zamani.

Ndugu zangu, hapa ndipo tunapokosea tukisema "watu wana tamaa" halafu tunafunga mjadala. Tamaa ipo, sikatai. Lakini ni nini kilichomfanya mama mwenye akili timamu, anayejua bei ya kila kitu sokoni, asiulize faida inatoka wapi? Ni imani. Kuuliza kulionekana kama kukosa imani. Ukidai kuona hesabu unaambiwa una roho ya mashaka. Mahali popote ambapo swali la hesabu limegeuzwa kuwa dhambi, ujue unaingizwa mjini.

Na hili bado lipo. Mtaani kwetu kuna kikundi kilikusanya michango ya akina mama kwa ahadi ya mikopo isiyo na riba, kikifungua kila kikao kwa maombi. Mweka hazina alikuwa mmoja, daftari moja, na kufuli moja. Alipohama mtaa, daftari lilihama naye. Akina mama wanne niliozungumza nao hawakwenda hata polisi. Sababu? "Tunamwachia Mungu." Mungu kaachiwa kazi ya mkaguzi wa hesabu!

Je, Maandiko yenyewe yanasemaje? Nayasoma kama mtu wa kawaida, wataalamu mtanisahihisha. Ule mfano wa talanta katika Mathayo sura ya 25 unahubiriwa sana kwa vijana: zalisha, usifukie. Sawa kabisa. Lakini soma vizuri. Bwana anaporudi, anachofanya ni kukaa na watumwa wake na kufanya hesabu. Kila mmoja anasema alipewa ngapi na ana ngapi. Hiyo sehemu wahubiri wengi wanairuka.

Mtume Paulo je? Alikuwa fundi wa mahema, anajipatia riziki kwa mikono yake. Alipokusanya mchango kwa ajili ya wahitaji wa Yerusalemu hakuubeba peke yake kwenye mkoba. Soma Wakorintho wa Pili sura ya 8. Walitumwa watu kadhaa, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Paulo! Mtume mwenyewe! Hakusema "niaminini, mimi ni mpakwa mafuta". Alitaka mambo yawe safi mbele za Mungu na mbele za watu pia.

Halafu kuna Nehemia sura ya 5, ambayo ningependa kila anayegombea udiwani aisome. Alikuwa liwali wa Yuda. Wakati ukuta unajengwa akakuta maskini wameweka rehani mashamba na nyumba, wengine watoto wao wamekuwa watumwa, kwa sababu ya madeni kwa vigogo wa kabila lao wenyewe. Aliitisha mkutano mkubwa, akawaumbua hadharani, wakarudisha mashamba na riba. Na yeye? Kwa miaka 12 hakula posho ya liwali, na hakununua shamba wakati ana cheo. Kwa lugha ya leo tungesema alikataa mgongano wa maslahi. Hapo hakuna muujiza hata mmoja, ni maamuzi tu.

Zakayo naye. Tunamwimbia watoto kama mtu mfupi aliyepanda mti. Lakini wokovu wake ulikuwa na tarakimu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa alipwe mara nne. Siku hizi fisadi akiokoka anapewa kipaza sauti na kiti cha mbele. Mara nne yetu iko wapi?

Msomaji anaweza kusema haya ni ya zamani, nipe mfano wa biashara. Haya. Kule Uingereza kulikuwa na kikundi kidogo cha Wakristo wanaoitwa Quakers. Vyuo vikuu na vyeo vya serikali walifungiwa, wakajikita kwenye biashara. Walijulikana kwa kuweka bei moja kwa kila mteja wakati wengine wanabeba wateja kwa sura zao. Mwanachama akifilisika, mkutano wao ulichunguza mahesabu yake, na akionekana alicheza na pesa za watu aliweza kutengwa. Yaani kanisa lilikuwa mkaguzi! Benki za Barclays na Lloyds na chokoleti ya Cadbury zina mizizi kwa watu hao. Uaminifu ulikuwa mtaji.

Lakini tusiwapambe sana. Hiyohiyo Cadbury ilinunua kakao ya São Tomé, iliyolimwa na Waafrika waliotolewa Angola katika hali ya utumwa. Habari ziliwafikia mwaka 1901, wakaacha kununua mwaka 1909. Miaka 8! Uaminifu kwa mteja wa Birmingham ulikwenda haraka, haki ya mtu mweusi ikasubiri foleni. Yakobo sura ya 5 ilikuwepo kwenye Biblia zao, ile inayosema juu ya ujira wa vibarua uliozuiliwa na kilio chake kufika mbinguni.

Na hapa nyumbani? Mwaka uleule wa DECI, 2009, Kanisa Katoliki lilianzisha Benki ya Mkombozi, yenye leseni ya Benki Kuu, na baadaye hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tofauti na DECI iko wazi: kuna mkaguzi, kuna taarifa za fedha, kuna mahali pa kulalamika. Hata hivyo Novemba 2014, sakata la Escrow liliposomwa bungeni, jina la benki hiyo lilitajwa kama mahali zilipopita baadhi ya fedha, na kwenye orodha ya waliopokea walikuwemo viongozi wa dini. Kutajwa si kuhukumiwa. Ila funzo ni kwamba leseni haimalizi kazi. Kilichotufanya tujue ni kwamba kulikuwa na miamala iliyoandikwa na wakaguzi wa kuisoma. Pasipo daftari hata kashfa haionekani.

Upande wa uongozi, Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, na Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Lakini hakuwaambia viongozi wenzake "okokeni". Azimio la Arusha la 1967 liliandika masharti: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yaliwahusu wote, Mkristo, Muislamu na asiye na dini. Yalibana mno? Wengi wanasema ndiyo, hata ujasiriamali halali yaliubana, na mwaka 1991 kule Zanzibar yakalegezwa. Binafsi naona tulikuwa na sababu ya kulegeza, lakini tulichoweka badala yake ni hotuba. Imani ya Mwalimu iligeuzwa kuwa sheria inayoweza kukaguliwa. Imani ya vigogo wa leo inaishia kwenye picha ya kupiga magoti.

Basi nimjibu msomaji wangu. Ndiyo, inawezekana, lakini usitegemee kwamba itakuwa rahisi. Ukitoa risiti ya EFD na jirani hatoi, atauza bei chini yako, na wewe utaumia kwanza. Usidanganywe kwamba ukiwa mwaminifu hela itakuja yenyewe. Nehemia alilala mlinzi huku anajenga. Ninachoweza kukupa ni vipimo vitatu, uvitumie kwako na kwa yeyote anayekuja na Biblia mkononi kukuomba mshiko:

1. Faida inatoka wapi? Kama jibu ni watu wapya watakaojiunga, kimbia, hata kama anayeongea ni askofu.

2. Nani mwingine anashika ufunguo? Angalia vikoba vya akina mama: sanduku moja, kufuli tatu, watunza funguo watatu, pesa inahesabiwa mbele ya wote. Hakuna anayeitwa mwizi pale, na hakuna anayepewa nafasi ya kuwa mwizi. Paulo angejiunga. Na tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo uliza cheti.

3. Kibarua wako analipwa lini? Kijana anayekufungulia kibanda akisubiri mshahara wake miezi miwili huku wewe unatoa fungu la kumi, hiyo sadaka ni ya kwake.

Wachungaji wanaofanya kazi hii vizuri wapo, na nawafahamu: wanabandika mapato na matumizi ukutani kila mwezi, na kanisa halijafa. Kwa hiyo Jumapili hii mnaosali, mwulizeni mzee wa kanisa wenu kwa heshima kabisa: hesabu za mwaka jana tutasomewa lini? Halafu mrudi hapa kwenye maoni mtuambie mlijibiwa nini. Na mnaosema nimeingilia mambo ya madhabahu, nanyi karibuni, ila njooni na hoja. Matusi nitayafuta.