Kitabu Mkononi: Haki ya Mwanafunzi Asiyeona katika Somo la Fasihi

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kenya aliyehitimu kidato cha nne ambaye hajawahi kuiandikia insha methali "Hujafa hujaumbika". Kisa hufuata njia ile ile: mtu mwenye majivuno humcheka kilema, kisha siku isiyo na jina hupatwa na ajali, naye akayajutia maneno yake akiwa kitandani hospitalini. Mwalimu hutuza alama nzuri na somo likaisha. Jambo ambalo aghalabu halitajwi ni kwamba katika kisa hicho kizima mwenye ulemavu hana neno analolisema wala haja anayoidai. Amewekwa pale ili mwenye viungo kamili apate funzo. Methali yenyewe haina kosa, kwani ilikusudiwa kuwatia adabu wenye kiburi. Kosa ni kuifanya kuwa upeo wa fikra kuhusu ulemavu shuleni, kana kwamba kutochekwa ndiyo haki yote anayostahiki kijana mwenye ulemavu.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 16 asiyeona, aliye kidato cha tatu katika shule ya kawaida ya bweni. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mwalimu aliyewahi kufundisha darasa kama hilo atautambua. Msichana huyo alijifunza breli katika shule ya msingi ya wasioona, mojawapo ya zile zilizofuata nyayo za ile ya Thika iliyoanzishwa mwaka 1946, akafuzu vyema. Shule ya upili imempokea. Hakuna anayemcheka, wenzake humshika mkono kwenda maktabani, na mwalimu mkuu humtaja kwa fahari siku ya wazazi. Kisha riwaya teule inaletwa, kila mwanafunzi anakabidhiwa nakala yake, naye anaambiwa asubiri kidogo, nakala ya breli itakuja. Muhula wa kwanza unakwisha. Wa pili unafika katikati. Kitabu bado kinakuja.

Wapo watakaouliza: je, si wenzake wanaweza kumsomea? Wanaweza, na wengi humsomea kwa moyo mkunjufu. Lakini kusomewa si kusoma. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE humtolea mtahiniwa dondoo na kumtaka aeleze muktadha wake, abainishe mbinu za lugha zilizotumika, na afafanue sifa za msemaji kwa kurejelea matukio mengine kitabuni. Kazi hiyo humdai msomaji aliyerudi katika ukurasa ule ule mara tatu au nne, peke yake, usiku, bila kumwomba mtu ruhusa. Anayesomewa husikia sura mara moja, kwa kasi ya msomaji, naye huona haya kusema "rudia" mara ya tatu ilhali rafiki yake ana kazi zake za kufanya. Aidha, mwanafunzi anayeijua lugha kwa sikio tu hukosa kujua maneno yanaandikwaje, yapi huunganishwa na yapi hutenganishwa, kisha huadhibiwa kwa makosa ya tahajia ambayo hakuwahi kupewa nafasi ya kuyagusa kwa vidole.

Katika ushairi mambo hugeuka kwa namna ya kuvutia. Ushairi wa Kiswahili ulitungwa uimbwe na usikike. Kijana asiyeona huenda akavihisi vina na mizani kuliko darasa zima, na mwalimu mwerevu angempa yeye nafasi ya kulighani shairi mbele ya wenzake. Badala yake mwalimu huandika beti ubaoni kimya kimya, kisha akasema, "Kama mnavyoona hapa, huu ndio ukwapi na huu ndio utao." Sentensi hiyo fupi humfungia mtu mmoja mlango, na aliyeitamka hana habari. Kuyasoma kwa sauti yale yanayoandikwa ubaoni hakugharimu hata shilingi moja.

Upungufu si wa sheria. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, wapenzi wa lugha hii hukariri kwa fahari Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Wachache huendelea hadi ibara ya tatu ya kifungu hicho hicho, inayoitaka serikali ikuze pia Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kifungu cha 54 nacho kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia breli na ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vyake. Kwa hivyo nakala ya breli inayosubiriwa na msichana yule si fadhila ya mwalimu mkuu wala zawadi ya mfadhili.

Kifungu cha 54 kinataka vilevile mwenye ulemavu arejelewe kwa namna isiyomdunisha. Hapa wanaisimu wana lao. Mjadala kuhusu ngeli ya KI-VI umerefuka: je, kipofu, kiziwi na kiwete ni maneno ya dharau kwa sababu ya kiambishi chao? Wengine hujibu kwamba hata kijana na kiongozi wamo humo, na wote huchukua upatanisho wa viumbe. Mjadala huo una faida, na "asiyeona" ni neno lenye staha zaidi. Lakini kuna kinaya katika kongamano linalotumia asubuhi nzima kumtafutia mtu jina la heshima, ilhali makala zinazojadiliwa zimechapishwa kwa wino mtupu, na mwanachama asiyeona ameketi nyuma mikono mitupu.

Kikwazo kinachotajwa sana ni gharama, nacho si cha uongo. Breli hupigwa kwenye karatasi nene, na riwaya moja inayoingia mfukoni hugeuka majalada kadhaa makubwa. Hata hivyo, sehemu ya ucheleweshaji haitokani na fedha. Kitabu kabla ya kuchapwa huwa faili katika kompyuta ya mchapishaji. Faili hiyo ikitolewa mapema, kazi ya kuitia katika breli hupungua sana. Isipotolewa, mtu hulazimika kuichapa riwaya nzima upya. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu nakala za wasioona zitengenezwe bila kibali cha mwenye hakimiliki. Wahadhiri kadhaa wa Kiswahili ndio waandishi wa vitabu vinavyotahiniwa. Mwandishi anaweza kumwuliza mchapishaji wake, siku ile ile kitabu kinapoteuliwa, faili imepelekwa wapi. Swali hili lina uzito zaidi sasa, wakati mfumo wa 8-4-4 unaupisha mtaala wa umilisi na orodha za vitabu zinaandikwa upya.

Yupo pia mzazi, ambaye akifika ofisini kulalamika huambiwa kwa upole kwamba kuna shule za watoto kama hao. Maneno hayo huwanyamazisha wazazi wengi, hasa wasiojua kwamba katika masuala haya sheria iko upande wao. Anayeweza kuketi kando ya mzazi huyo na kusema kwa lugha ya kitaaluma ni kitu gani kinakosekana, tangu lini, na mtihani utadai nini, ni mwalimu wa Kiswahili. Naye kabla ya kwenda ofisini hana budi kumwuliza msichana mwenyewe. Huenda akasema hahitaji majalada yote kwa pamoja; kwamba sura mbili za mwanzo zingemtosha kuanza muhula; kwamba mashine yake ya breli ina kelele darasani na angependa aketi karibu na dirisha; kwamba amechoka kutajwa siku ya wazazi.

Wanafunzi wa shahada ya kwanza watakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, baadhi yao watakabidhiwa darasa lenye kijana wa namna hii. Orodha ya vitabu hupatikana kabla ya muhula kufunguliwa, na barua ya kuulizia nakala ya breli ni ya ukurasa mmoja.