Siku Nne Bila Bandari

Mpenzi msomaji, safari ninayokusimulia leo tuliifanya Desemba 2022. Kama unajiuliza kwa nini nimekaa nayo kimya muda wote huu, jibu ni kwamba mume wangu alinizuia. Alisema, "Utaandika siku nyumba ikishaezekwa." Bati limepanda mwezi uliopita, kwa hiyo leo nina ruhusa.

Na hela ya bati hilo ndiyo iliyotupeleka safari. Tulikuwa na miaka 9 ya ndoa, watoto wawili, kazi mbili, na maongezi yetu yalikuwa yamebaki ada, gari na Luku. Mimi nikaona dawa ni kusafiri. Nikapata meli ya kitalii: unapandia Dubai, unapita Abu Dhabi na Muscat, unakata bahari hadi Shelisheli, unashukia Unguja. Nikamwonyesha picha. Akasema, "Sawa." Watoto tukawapeleka kwa bibi yao, tukaondoka.

Dubai tulianza kwa mbwembwe zote. Burj Khalifa ni mita 828, ukisimama chini yake shingo inauma. Lakini mimi raha yangu niliipata jioni, tulipovuka khori kwa abra, vile vimashua vya abiria, nauli dirham 1. Huko ndiko mji ulikoanzia, enzi za lulu na majahazi, kabla ya mafuta. Ukishuka ng'ambo unakutana na harufu ya viungo, unadhani uko Darajani.

Abu Dhabi tuliingia Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed. Una kuba 82, na ndani limetandikwa zulia la mraba mita zaidi ya 5,000, lililofumwa kwa mkono na wanawake wa Iran wapatao 1,200. Nikamnong'oneza mume wangu: wanawake 1,200 wameelewana zulia moja, sisi wawili tumeshindwa kuelewana rangi ya geti! Akacheka. Tukapiga picha. Kila aliyeiona alisema tumependeza, na kweli tulipendeza.

Muscat ni kitu kingine kabisa. Hakuna maghorofa ya kushindana na mawingu. Majengo ni meupe na ya chini, nyuma yake milima mikavu isiyo na hata kichaka. Kwenye soko la Mutrah mzee mmoja muuza ubani akatusikia tunabishana bei, akatukatiza kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka: "Karibuni wanangu. Mmetoka Bara au visiwani?" Muscat utakisikia sana Kiswahili. Oman na Unguja ziliwahi kuwa chini ya sultani mmoja, na familia nyingi zilihamia huko baada ya mapinduzi ya 1964, na nyingine Sultan Qaboos alipoanza kutawala mwaka 1970.

Mzee akamwambia mume wangu, "Mnunulie bibi ubani wa Dhofar, nyumba itulie." Mume wangu akajibu, "Nyumba yenyewe haina paa, mzee." Wakacheka wote wawili. Mimi nikajifanya nachagua chetezo.

Kutoka hapo hadi Mahé ni siku nne za maji matupu. Watu wakirudi kutoka safari za meli hukusimulia bandari, siku za baharini hawakwambii. Intaneti ya satelaiti ilikuwa ikiuzwa bei ya kuruka, tukasema hatuitaki. Chumba chetu kilikuwa cha ndani, kisicho na dirisha, maana ndicho cha bei nafuu. Ukizima taa hujui kama ni usiku au mchana. Siku ya kwanza tulilala. Siku ya pili tulikula. Siku ya tatu maneno yakawa yametuisha.

Jioni hiyo tulikuwa juu sitahani, upepo unatoka nyuma. Akaniambia, "Hii ndiyo kaskazi. Ndiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi kwetu." Nikamuuliza, "Umefurahi kuja?" Kimya. Halafu akasema, "Mimi nilitaka kupaua."

"Sasa mbona ulisema sawa?"

"Kwa sababu uliponiuliza ulikuwa umeshalipa."

Mpenzi msomaji, ilikuwa kweli. Malipo ya awali niliyatoa siku mbili kabla ya kumwonyesha zile picha. Lakini ukweli huwa haupunguzi hasira. Nyumbani ningechukua funguo za gari nikaenda kwa dada yangu, naye angekwenda kuangalia mpira. Kwenye meli utakwenda wapi? Nikaizunguka sitaha mara nne, na kila nikimaliza mzunguko namkuta pale pale, mwanaume yule yule. Mara ya tano nikakaa.

Tukaongea hadi wahudumu wakaanza kukusanya viti. Naye alikuwa na lake: kwenye hela ya nyumba aliwahi kumkopesha kaka yake milioni 2, mimi sijui. Nililia, si kwa ajili ya hizo hela. Nililia kwa sababu ilibidi tufike katikati ya bahari ndipo aniambie.

Kesho yake tukavuka ikweta. Mfanyakazi mmoja alivaa ndevu za bandia akawa mfalme wa bahari, abiria wakamwagiwa maji. Tulicheka kama watu waliotoka kuugua.

Shelisheli sasa. Kutoka Mahé tulichukua boti hadi kisiwa cha Praslin, kwenye msitu wa Vallée de Mai. Humo ndimo inamoota coco de mer, mnazi wenye mbegu kubwa kuliko mmea wowote duniani. Nazi moja inaweza kupita kilo 20. Mti dume na mti jike husimama mbalimbali, na nazi huchukua miaka 6 hadi 7 kukomaa. Mume wangu akaitazama weee, akasema, "Kumbe sisi tumechelewa kidogo tu."

Sikudanganyi kwamba tulirudi malaika. Ila mambo mawili yamebaki. Hakuna anayelipa kitu kikubwa kabla wote wawili hatujakubali. Na Jumapili moja kila mwezi, watoto wakiwa kwa bibi, simu zinaingia kabatini kuanzia saa kumi jioni. Tunaiita siku ya baharini. Nyingine tunagombana. Hiyo nayo ni sawa, kwa kuwa hakuna pa kukimbilia.

Ukitaka kwenda: Uliza viza ya kila nchi kabla ya kulipa, maana kila bandari ina masharti yake. Beba cheti cha homa ya manjano. Uliza pia bakshishi ya wahudumu, meli nyingi huitoza kwa siku, nje ya nauli. Mwanamke asisahau mtandio na nguo ndefu kwa ajili ya msikiti.

Na kabla ya yote, muulize mwenzio. Muulize hela ikiwa bado mfukoni.

Tukutane mwezi ujao.