Ladha ya bia na mizani ya Muislamu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa vinywaji vilivyozoeleka katika maduka ya Wete, Chake Chake na Mkoani ni hivi viitwavyo malti. Huuzwa katika chupa na makopo, vingine vikiwa na ladha ya tofaha au komamanga, na huandikwa kuwa havina kileo. Tunavikuta katika karamu za harusi na mbele ya watoto siku ya Idi. Suala linaloulizwa zaidi juu yake ni kama ni vitamu, na vijana huongeza la pili: je, vinafanana na bia yenyewe? Katika Ijumaa ya leo tuyatazame masuala hayo kwa mizani ya dini yetu.

Wanaokunywa bia wana elimu yao ya kuionja. Hutazama rangi na povu, hunusa harufu, kisha hupima utamu wa kimea cha shayiri na uchungu wa maua ya hopsi. Mjini Brussels ipo taasisi ya Monde Selection, iliyoanzishwa mwaka 1961, ambayo huonja vyakula na vinywaji, bia zikiwemo, na kuvitunuku medali. Medali hizo huchapwa kwenye lebo ili mnunuzi aridhike. Kwa Muislamu hazina uzito wowote. Katika Suratul Baqarah, aya ya 219, Mwenyezi Mungu anakiri kuwa katika ulevi yamo manufaa kwa watu, kisha anabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi hata waonjaji wote wa dunia wakishuhudia uzuri wa bia fulani, ushahidi wao hauigusi hukumu.

Wala kinywaji cha shayiri si jambo jipya katika dini. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vinywaji viwili vya watu wa Yemen, kimoja cha asali na kingine cha shayiri. Mtume hakuuliza ladha wala nafaka. Alijibu kwa kanuni moja, kwamba kila chenye kulevya ni haramu. Sayyidna Umar (R.A.) naye alieleza juu ya mimbari kuwa ulevi ni kila kinachoifunika akili. Na Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kuwa kinacholevya kwa wingi, hata kichache chake ni haramu.

Kwa upande wa pili, shayiri na tende hazina kosa lolote. Muslim amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) akirowekewa tende asubuhi, akanywa maji yake jioni, na zikirowekwa jioni, akayanywa asubuhi. Na katika mapokezi ya Ibn Abbas (R.A.), maji hayo yakipitisha siku ya tatu hakuyanywa tena. Tende ni zile zile na maji ni yale yale, ila muda umefanya kazi yake ya kuchachua.

Kwa hiyo suala lenye maana juu ya malti ni namna ilivyotengenezwa. Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza, maji ya kimea huachwa bila ya kuchachuliwa, au uchachu huzuiwa mapema. Ya pili, hutengenezwa bia kamili, kisha kileo chake huondolewa kwa mvuke au kwa kuchujwa. Natija zake zinaweza kuuzwa katika chupa zinazofanana, lakini kifiqhi haziko sawa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tuliyo nayo wengi wetu hapa kisiwani, ulevi uliogeuka siki wenyewe hutahirika, ama uliogeuzwa kwa kutiwa kitu hautahiriki. Ikiwa siki imewekewa sharti hilo, itakuwaje bia iliyotengenezwa kwa makusudio ya kuwa bia, kisha ikapunguzwa nguvu kiwandani? Kwa maoni yangu, ya njia ya kwanza, ikiwa haina kileo, haina ubaya, na ya njia ya pili ni ya kuachwa.

Wanavyuoni wa nchi nyingine wamelitazama jambo hili kwa karibu. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2011 lilitofautisha kinywaji ambacho kileo kidogo kimetokea ndani yake bila ya kukusudiwa na kile kilichotengenezwa kwa nia na njia ya ulevi. Baraza la Maulamaa la Indonesia, katika fatwa namba 4 ya mwaka 2003, lilikataza hata vyakula na vinywaji vinavyoiga ladha ya vitu vilivyoharamishwa.

Hapa ndipo ladha inaporudi, lakini kwa sura nyengine. Kijana anapokisifu kinywaji kuwa ni kama bia kweli, sifa hiyo ingepaswa kumtia shaka mzazi wake. Kinachofanana sana na bia huenda kimepitia njia ya bia, na ulimi uliokwisha kuuzoea uchungu huo umebakiwa na hatua moja tu.

Jina nalo halitoshi. Katika soko la Tanzania, Grand Malt imeuzwa kuwa kinywaji kisicho na kileo, ilhali Ndovu Special Malt ni bia. Neno ni moja, hukumu ni mbili. Nchini Marekani kinywaji chenye kileo chini ya asilimia 0.5 huruhusiwa kuitwa kisicho na kileo. Basi tusome nambari, tusiridhike na maneno makubwa ya mbele ya chupa.

Lakini, ndugu zangu, insafu yatutaka tujitazame na sisi wenyewe. Yuko anayeikataa chupa ya kigeni kwa ukali, naye jioni hukaa kitako na tembo la mnazi. Tembo likigemwa ni tamu, na halilevyi. Likikaa saa chache tu katika joto letu huanza kuchacha, na likilala huwa kali. Tembo hilo liko karibu zaidi na vinywaji vya Yemen kuliko malti ya dukani, na kuwa kwake la kwetu hakulihalalishi. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walijua kuwa sifa ya wanywaji si dhamana ya kinywaji.

Nini basi kitupasacho? Mzazi asome lebo kabla ya kununua, na akikosa uhakika aache, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kukiacha chenye shaka tukiendee kisicho na shaka. Tusiite malti bia mbele ya watoto, wala tusiigize nayo desturi za baa. Mfanyabiashara akumbuke kuwa laana ya ulevi, kwa mapokezi ya Tirmidhi, inamfika muuzaji na mchukuzi pia. Wala tusikimbilie kumhukumu jirani aliyekuta kinywaji hicho katika harusi. Wenye kutatizika wawaulize masheikh wao na Ofisi ya Mufti. Na tusisahau kuwa dafu, maji ya ukwaju na ya maembe vipo hapa hapa Pemba, na uhalali wake haumhitaji mwanachuoni.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake, azihifadhi akili za watoto wetu, na asiyafanye matumbo yetu kuwa kizuizi cha kujibiwa dua zetu. Amin.

Wallahu a'lam.