Kelele za matatu kuukuu si za kuzimwa kwa grisi

MATATU niliyoabiri juma lililopita kutoka Githurai kuelekea katikati mwa jiji la Nairobi ilikuwa na kilio chake. Kila ilipopita juu ya tuta au shimo, gurudumu la mbele upande wa kushoto lilitoa mlio wa chuma kugonga chuma. Nilipomuuliza dereva iwapo ameusikia, alinijibu kwa heshima, "Mzee, hiyo iko hivyo tangu mwezi jana," kisha akaongeza sauti ya muziki.

Jibu hilo linatueleza mengi kuhusu usalama wa abiria humu nchini kuliko hotuba nyingi zinazotolewa baada ya ajali. Kelele za chini ya gari si fumbo. Fundi yeyote wa Kirinyaga Road au Grogan atakutajia chanzo chake hata kabla hujazima injini. Swali ni nani atakayekubali kugharimika siku gari likilala gereji.

Chukua magari ya abiria 14, ambayo wengi huyaita Nissan hata yanapokuwa Toyota. Mlio wa kugongagonga kwa wepesi kwenye barabara ya kokoto, gari likienda polepole, mara nyingi hutokana na viungo vya chuma kile kinacholizuia gari kulala upande kwenye kona, au bushi zake za mpira zilizoliwa. Hilo laweza kusubiri siku chache. Mlio mmoja mzito unaosikika dereva akikanyaga breki au akikata kona ni jambo jingine kabisa: huenda ni bushi za mikono inayoshikilia gurudumu, au boljointi. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani hauna tena amri. Nao mgongo mmoja unaosikika gia inapoingia au mafuta yanapokanyagwa huelekeza kwenye viungo vya mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma. Mlio mwembamba kama wa kitanda cha chuma, ukitoka nyuma, kwa kawaida ni springi zile za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, au bushi zake.

Kuthibitisha hakuhitaji mitambo ya bei. Jeki huwekwa chini ya mkono unaobeba uzito, gari likaegemezwa pia kwenye vigingi imara, kisha gurudumu huinuliwa kwa mtaimbo kutoka chini huku mtu wa pili akiitazama boljointi. Ikicheza, imekwisha. Ni kazi ya dakika chache.

Hapa ndipo grisi inapogeuzwa kuwa dawa ya kila ugonjwa. Wapo wanaonyunyizia oili chafu ya injini chini ya gari siku moja kabla ya ukaguzi, nalo likanyamaza kama mtoto aliyepewa titi. Lakini oili na grisi ya kawaida huvimbisha na kulainisha mpira wa bushi, hivyo bushi iliyokuwa na miezi kadhaa hufa mapema zaidi. Kiungo chenye tundu la kutilia grisi kinapaswa kujazwa mara kwa mara hadi ile ya zamani itoke ikiwa na uchafu wake. Kile kilichofungwa kiwandani hakitiliwi kitu, hubadilishwa. Isitoshe, matatu nyingi huoshwa kila siku kwa maji ya nguvu yenye sabuni, ambayo huingia viungoni na kuondoa grisi iliyotiwa jana. (Mlango wa kuteleza nao wahitaji grisi, ingawa huo ukikwama utingo hukumbuka upesi.) Hata hivyo, hakuna grisi inayorudisha chuma kilichokwisha kulika.

Kwa nini basi gari lipigwe mafuta badala ya kutengenezwa? Dereva wengi hupaswa kumpelekea mwenye gari hesabu maalumu kila jioni, na kinachobaki ndicho mshahara wake na wa utingo. Siku gari likilala gereji, hao wawili hawali. Mwenye gari naye hausikii mlio huo, kwa sababu hasafiri ndani yake.

Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na ule mstari wa manjano. Zilifaulu kwa kiasi kwa kuwa polisi wa trafiki aliweza kuviona vitu hivyo akiwa amesimama kando ya barabara. Boljointi haionekani kutoka hapo. Ukaguzi wa kila mwaka huiona, ila kiungo kilichopita Januari chaweza kuisha kabla ya Juni kwenye barabara zetu.

Kanuni za 2014 zilitaka kila mwenye matatu awe chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na sheria za ajira zifuatwe, zikiwemo kandarasi za maandishi. Vyama hivyo hukusanya pesa za wanachama kila siku. Vingeweza kumlipa fundi mmoja wa kituoni akague magari machache kila asubuhi, na kutenga fungu la kumlipa dereva na utingo siku gari lao limezuiwa. Dereva akijua atalipwa, hatahitaji kuongeza sauti ya muziki.